Kicheko cha Irja Kwenye Wimbo wa Tano

Osmo Pyykkö alikuwa fundi wa piano, na katika vijiji vyote vya ziwa letu hapakuwa na mtu mwenye masikio kama yake. Angeingia ukumbini na theluji bado mabegani, apige noti moja tu, akunje uso, aseme, "Hii mmeihamisha." Na kweli, ilikuwa imehamishwa wiki iliyopita kutoka ukuta huu hadi ule. Watu wa Harjukylä, kijiji chetu, walimtania kwamba anasikia samaki wakipiga miayo chini ya barafu. Naye alijibu kwa upole kwamba samaki hawapigi miayo, wanafungua mdomo tu.

Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno. Irja alikuwa mpishi wa usharika, na hukuweza kuoa wala kuzikwa Harjukylä bila wageni wako kula mapishi ya mkono wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye kicheko kifupi cha chini kilichoanzia puani na kuishia kooni, kana kwamba amekizuia kikamtoroka. Walikuwa na binti mmoja, Outi, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne wakati mambo haya yanaanza, Februari ya mwaka 1986.

Mwezi huo ndipo Hukka alipokuja kijijini.

Hukka lilikuwa jina lake la jukwaani, na hapakuwa na mtu nchini asiyelijua. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameimba muziki wa roki kwa koo la mtu anayeita msaada kutoka ng'ambo ya mto. Alivunja magitaa, alivunja milango ya hoteli, na mama zetu walizima redio wakimsikia. Kisha akatangaza kwamba atatoa albamu ya nyimbo za mapenzi tupu, za taratibu, bila ngoma na bila gitaa la umeme. Magazeti yakacheka. Yeye akatafuta mahali pa mbali penye utulivu, na mtu akamwambia kuna ukumbi wa usharika Harjukylä, wa magogo mazito, wenye piano kubwa ya Kijerumani ambayo hakuna mjini anayejua iko huko.

Shida ilikuwa jiko. Ukumbi ulipashwa joto kwa kuni, na kila jiko lilipowaka sauti ya piano ilishuka, lilipopoa ikapanda. Kwa hiyo Osmo aliajiriwa akae pale siku zote sita za kurekodi, ufunguo wa kukazia nyuzi mkononi. Na kwa kuwa watu lazima wale, Irja naye aliajiriwa. Aliyerekodi alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Helsinki, Saila Vainio, aliyejifungia na mashine zake katika ofisi ya mchungaji na kuwasikiliza wote kwa hedifoni.

Siku ya nne, kabla ya chakula cha mchana, uzi mmoja wa besi ulikatika kwa kishindo. Osmo hakuwa nao kwenye sanduku lake.

"Nenda Kuopio," Irja akamwambia. "Na uvae kofia. Masikio hayo ndiyo yanayotulisha."

Kilomita themanini kwenda, themanini kurudi, barabara imejaa theluji. Aliporudi zilikuwa zimepita saa nne. Nje ya ukumbi alimkuta Hukka amesimama bila koti, katika baridi ya kugandisha mate, sigara mdomoni haijawashwa. Osmo alimsalimu. Hukka alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Ndani, Irja alikuwa anaosha vikombe, macho mekundu.

"Una nini?"

"Vitunguu," alisema Irja. "Leo ni supu ya samaki."

Na kweli ilikuwa supu ya samaki, na kweli ilikuwa na vitunguu.

"Mmefanya nini wakati sipo?" Osmo akamuuliza Saila.

"Tumerekodi wimbo mmoja wa gitaa," Saila akajibu bila kuinua kichwa. "Huo hauhitaji piano."

Osmo akafunga uzi wake. Ijumaa wageni waliondoka, theluji ikafunika alama za magurudumu yao, na kijiji kikarudia mambo yake.

Mwezi wa Julai, Irja alianguka akifua mazulia kwenye kijigati cha ziwani. Osmo alimbeba hadi kwenye gari. Daktari wa Kuopio alieleza taratibu kwamba ni saratani ya kongosho, na kwamba imekwisha kusambaa. Irja alikuwa anatazama dirishani. "Haya," akasema. Kisha akauliza kantini ya hospitali inafungwa saa ngapi. Osmo alidhani ni mshtuko, kwamba habari bado haijamfika moyoni. Alimshika mkono, naye akamwacha aushike.

Alifariki tarehe kumi na moja Oktoba. Albamu ya Hukka ilikuwa imetoka wiki mbili kabla, ikiitwa kwa neno moja tu lenye maana ya polepole. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuisikiliza katika nyumba ile.

Mwanzoni mwa Novemba, Osmo alirudi kazini kwa mara ya kwanza. Njiani alisimama kituo cha mafuta kunywa kahawa. Redio ilikuwa inaimba kwenye kaunta. Alitambua sauti ya Hukka, ingawa ilikuwa imeshuka, imekuwa sauti ya mtu anayeongea na mtu mmoja aliyeketi karibu naye. Wimbo wa gitaa tupu. Ukafika mwisho, gitaa likafifia, na katika ule utulivu, nyuma ya bega lake la kushoto, Irja akacheka.

Osmo aligeuka. Aligeuka mwili mzima, kwa furaha, kama mtu anavyogeuka. Nyuma yake kulikuwa na rafu ya mafuta ya injini.

Mtangazaji akaanza kusoma hali ya hewa. Osmo aliweka kikombe mezani, akaenda nje, akakaa kwenye gari hadi vioo vikaganda kwa pumzi zake. Siku hiyo piano ya shule ya Varkaus haikutengenezwa.

Ingekuwa albamu ya kusahaulika, mambo yangeishia hapo. Lakini albamu ile iliingia nchini kama maji. Waliomcheka Hukka wakainunua. Mama zetu waliokuwa wakizima redio sasa waliiongeza sauti. Watu walioana kwayo, wakaachana kwayo, na hapakuwa na harusi isiyokuwa na wimbo wa tano. Na kila mtu aliujua mwisho wake: gitaa linafifia, mwanamke asiyeonekana anacheka kidogo, kiti kinalia, basi. Magazeti yaliuliza ni nani. Yakasema ni mwigizaji fulani, mara ni mke wa mtu mkubwa, mara ni mpenzi wa Hukka aliyeko Stockholm. Hukka hakusema neno.

Na Harjukylä? Nusu ya kijiji ilikijua kicheko kile, maana kilikuwa kimetugawia supu miaka kumi na minane. Lakini sisi wa huku tuna desturi: jambo likiwa zito sana tunalizunguka kama tunavyozunguka barafu nyembamba. Hakuna aliyemwambia Osmo. Outi naye aliinunua santuri. Osmo aliiona siku moja chini ya kitanda cha binti yake alipokuwa akifagia. Akairudisha palepale, jalada likitazama chini kama alivyolikuta.

Alijifunza kuhesabu. Wimbo ukianza dukani, alijua ana dakika tatu na sekunde hamsini za kulipa na kutoka. Aliacha vikapu vya bidhaa katikati ya rafu za maduka. Alitoka makanisani kabla ya bwana harusi. Mwaka 1989 wimbo ulimkamata kwa daktari wa meno, kinywa wazi, vyuma mdomoni, hana pa kukimbilia. Machozi yakamtiririka hadi masikioni.

"Inauma?" daktari akauliza, akamwongezea sindano.

Lakini lililomtesa halikuwa kumsikia tu. Mtu huweza kuzoea hata marehemu wake. Lililomla lilikuwa swali, na swali hilo lilikuja polepole, mwaka baada ya mwaka, hasa asubuhi akiwa peke yake ndani ya piano ya watu. Alicheka nini? Alicheka na nani? Saa nne. Macho mekundu. Mwanamume maarufu amesimama nje bila koti. Vitunguu. Na katika nyimbo kumi za albamu ile, tisa zilikuwa na piano, yaani zilikuwa na mkono wa Osmo. Mmoja tu haukuwa na mkono wake, na ndio huo aliokuwamo mke wake.

Hakumshuku waziwazi. Alijiona mjinga hata kufikiri hivyo. Lakini shaka haihitaji ruhusa. Alianza kumkumbuka Irja wa miezi ile ya mwisho kwa jicho la pembeni: kwa nini alinyamaza vile mezani Machi ile? Kwa nini alisimama dirishani? Wajane na wanaume waliofiwa huwa wanabaki na kumbukumbu angalau. Yake ilikuwa imeingiwa na mdudu.

Mwaka 1994 aliitwa Kuopio kutengeneza piano ya ukumbi wa tamasha. Hakuuliza ni tamasha la nani. Alikuwa ameinama kwenye nyuzi aliposikia hatua jukwaani.

"Wewe ni mume wa Irja," alisema Hukka.

Alikuwa amezeeka, uso umejikunja kama glavu ya ngozi. Osmo alisimama na ufunguo wake mkononi. Miaka minane alikuwa ameyapanga maneno ya siku hiyo, na sasa yote yalimkimbia, likabaki moja.

"Ulimwambia nini mke wangu, akacheka?"

Hukka alishika ukingo wa piano.

"Mimi sikumwambia kitu, bwana," akasema. "Yeye ndiye aliyeniambia." Akapiga hatua moja nyuma. "Nilimpa ahadi. Nisamehe." Akageuka, akarudi alikotokea.

Jioni ile Osmo hakukaa kusikiliza. Aliendesha gari hadi nyumbani, na kuanzia siku hiyo swali lilikuwa na meno mapya. Ahadi gani? Mke wa mtu anampa mgeni siri, mgeni anaiita ahadi, na mume anatengeneza piano.

Hukka alikufa mwaka 2019. Nchi nzima iliwasha mishumaa, na wiki nzima redio hazikuwa na wimbo mwingine. Osmo alizima redio, akachomoa na waya wake ukutani.

Machi ya 2021, simu ililia. Mwanamke alijitaja, Saila Vainio, na Osmo hakumkumbuka mpaka aliposema, "Msichana wa ofisi ya mchungaji." Kampuni ya muziki, alisema, inataka kuitoa tena albamu ile, kuadhimisha miaka thelathini na mitano. Yeye amestaafu lakini ameitwa kuzifungua tepu za asili, maana ndiye aliyezirekodi.

"Bwana Pyykkö, siku ile Hukka alinikataza kuzima mashine. Alisema wimbo ukija, usikute mlango umefungwa. Basi ile tepu ina maongezi. Dakika nyingi za maongezi kabla ya wimbo. Kampuni wameyasikia, na wanataka kuyatoa pamoja na albamu. Nimewaambia siwezi kugusa kitu bila wewe."

"Unayajua yaliyomo?"

"Nilikuwa na hedifoni," alisema Saila. "Nimeyajua tangu siku ile."

Alikuja Jumatano, mchana wa jua kali la mwisho wa baridi, maji yakidondoka paani. Alikuwa mama wa mvi sasa, amebeba mashine nzito ya tepu kwa mikono miwili, amekataa kusaidiwa. Aliiweka juu ya meza ya jikoni, kati ya sufuria ya kahawa na mkate. Osmo alikuwa na miaka sabini na saba. Alivua kifaa chake cha kusikia kilichokuwa kwenye sikio la kulia, akakifuta kwa pindo la shati, akakirudisha.

"Anza," akasema.

Kwanza zilisikika kuni zikitatarika ndani ya jiko. Kisha ufagio. Kisha Irja, karibu, hai.

"Kahawa ndiyo hiyo ya mwisho. Ukiimaliza, kanywe theluji."

"Zima," alisema Osmo.

Saila akazima. Alidhani mzee ameshindwa.

"Mashine yako inakimbia," Osmo akasema. "Kidogo tu. Sauti yake imepanda."

Saila alimtazama, kisha akashika kitufe cha mwendo, akarudisha tepu nyuma. Kahawa ndiyo hiyo ya mwisho. Akapunguza. Kahawa ndiyo hiyo ya mwisho. Akapunguza tena, kiasi cha unywele.

"Hapo," alisema Osmo. "Huyo ndiye."

Tepu ikaendelea.

"Dada, niambie ukweli," ilisema sauti ya Hukka. "Wimbo huu una ubaya gani? Nimeurudia mara kumi na moja."

"Wimbo hauna ubaya. Wewe ndiye mbaya."

"Mimi nimefanyaje tena?"

"Unamlilia huyo mwanamke kama umepoteza funguo za gari."

Hukka akacheka kwa nguvu. "Wewe ungemliliaje?"

"Nisingelia. Mtu anayeondoka kweli humpigii kelele, unamwogopesha. Kaa naye karibu, umwambie taratibu."

"Umejuaje wewe mambo hayo?"

Ufagio ulisimama. Kuni zilitatarika. Osmo alisikia, kabla ya maneno, pumzi ya mkewe ikivutwa ndani na kushikwa, na mikono yake juu ya meza ikajua kabla yake.

"Kwa sababu mimi ndiye ninayeondoka," Irja alisema. "Daktari aliniambia tangu Januari. Labda nitafika majira ya majani kudondoka. Inua mguu, nifagie."

Buti zilisogea sakafuni.

"Mumeo anasemaje?"

"Osmo hajui."

"Hajui?"

"Hajui. Na wewe usimwambie, si leo, si kesho, si nikishakufa. Niahidi."

"Nakuahidi. Lakini dada, kwa nini mimi? Hata hunijui."

"Ndiyo maana. Wewe Ijumaa unaondoka. Mtu lazima amwambie mtu, ama sivyo anapasuka." Ufagio ulianza tena, polepole. "Yule bwana umeyaona masikio yake. Uzi ukilegea anausikia akiwa mlangoni. Nalala naye kitanda kimoja kila siku ya Mungu, na mimi hajanisikia."

Hakulisema kwa uchungu, na Osmo, aliyekuwa amejiandaa kwa uchungu, hakupata pa kujishikiza. Alilisema kwa namna ya kumsifu, kama mama anayejivunia mtoto aliyelala usingizi mzito katika radi.

"Haya, imba," alisema Irja. "Ana njia ndefu yule, lakini atarudi."

Kisha wimbo. Osmo aliusikia wote, dakika tatu na sekunde hamsini, bila kuhesabu. Alielewa sasa ile sauti iliyoishangaza nchi ilitoka wapi. Mwishoni gitaa likafifia, kicheko kikaja, kiti kikalia. Pale santuri ilipokatwa, tepu haikukatwa.

"Sasa hapo umepatia," ilisema sauti ya Irja. "Futa kamasi, mwanamume mzima wewe."

Hatua nzito zikavuka ukumbi. Mlango ukafunguka, ukafunga. Akabaki Irja peke yake na mashine asiyojua inasikiliza, na kwa muda mrefu haikusikika sauti yoyote, halafu kisu juu ya ubao, kikikatakata.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tusemavyo. Irja kifo hakikumuumbua. Alikipita akiwa amefunga mdomo, na aliyebaki kuumbuka alikuwa mzee wa miaka sabini na saba jikoni kwake, mbele ya mgeni, kahawa imepoa.

"Miaka thelathini na mitano," alisema Osmo hatimaye, "nilidhani ni jambo jingine."

Saila hakuuliza ni jambo gani. Aliinamisha kichwa tu, naye Osmo akajua kwamba ameelewa, na aibu ikamchoma. Alikuwa amemshuku mwanamke aliyekuwa anakufa.

Jumamosi Outi alikuja kutoka Jyväskylä, anakofundisha. Osmo alikuwa amemwita kwa simu bila kueleza. Alimkalisha palepale mezani, akamweleza yote: Kuopio, ahadi, tepu, Januari. Alieleza vibaya, akirudiarudia, akitazama mikono yake. Alipomaliza alingoja binti yake ashtuke.

Outi hakushtuka.

"Baba," alisema, "mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba mama anaumwa. Pasaka ile niliikuta barua ya hospitali kwenye kabati la mashuka. Nilimpelekea jikoni, nikamuuliza hii nini. Akaniambia."

"Pasaka?" Osmo alisema. "Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na minne."

"Na hukuniambia."

"Alinikataza."

"Alikukataza! Na alipokufa? Na ulipoolewa? Ulikaa hapo kila Krismasi ukila mkono wangu, ukijua?"

"Mwanzoni niliahidi," alisema Outi. "Halafu nikazoea. Halafu nikaona aibu, nikasema sasa nimechelewa, nitamuumiza bure. Sijui, baba. Unafikiri ilikuwa rahisi kwangu?"

"Kijiji kizima kilijua? Mchungaji? Paka wa mchungaji?"

"Usiwe hivyo."

"Kwa nini mimi? Kwa nini nyote mkajua isipokuwa mimi?"

Outi alianza kulia, si kwa sauti. "Nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia, Outi, humu ndani kuna mtu mmoja tu anayenitazama kama nilivyokuwa. Ukimwambia, nitakuwa mgonjwa pande zote. Usininyang'anye hilo."

Osmo alisimama. Alivaa buti, akaenda kwenye banda la kuni, akapasua kuni hadi Outi alipowasha gari na kuondoka. Hakumpungia mkono. Alipasua kuni za miaka miwili wiki ile, mzee wa umri ule, mpaka jirani akaja kuuliza kama anatarajia vita.

Saila alipiga simu mara mbili. Mara ya pili Osmo alikuwa na jibu.

"Maongezi wasiyatoe. Waambie hivi: kicheko alikitoa mbele ya mashine, nchi imekizoea, wakiache. Yale maneno alimwambia mtu mmoja, na mtu huyo alikaa nayo hadi kaburini. Sisi ni nani hata tumzidi?"

"Nitawaambia. Wakikataa?"

"Waambie nitakuja mwenyewe, na nitawasikilizisha jinsi piano yao ilivyo mbaya."

Hawakukataa. Saila alimletea tepu ya asili mwenyewe, akaiweka mikononi mwake. Osmo hana mashine ya kuichezea, na hajanunua.

Ilichukua mpaka mwezi wa sita. Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, Outi alikuja bila kualikwa, akiwa na viazi vipya na samaki waliokaushwa kwa moshi, akaviweka kwenye ngazi na kusimama. Osmo alikuwa anapiga rangi kiti.

"Utasimama hapo kama mnara?" akasema.

Walikula nje, mbu wakiwala wao. Hawakuligusa jambo lile mpaka vyombo vilipooshwa. Kisha Osmo, akiwa bado na kitambaa mkononi, aliuliza, "Pasaka ile mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa Varkaus. Ulirudi Jumatatu na mayai ya chokoleti. Mama alikuambia amekula mengi mno, ndiyo maana anatapika."

"Nikasema nini?"

"Ulimwambia apunguze vitu vitamu."

Osmo alikaa chini. Alitaka zaidi. Outi akampa Aprili kidogo, Mei kidogo. Kila alipokuja baada ya hapo alimletea kipande kingine, na kila kipande kilikuwa siku ambayo Osmo alikuwamo, ameila, ameilala, bila kuiona. Hili si jambo la kupona. Siku hizi wimbo wa tano ukipigwa dukani haachi kikapu chake. Anasimama na kungoja mpaka mwisho, halafu analipa. Si kicheko tena kinachomfuata. Ni asubuhi za kawaida za mwaka ule, zinazomjia moja moja akiwa anafunga kamba za viatu, kila moja ikiwa na uso wa Irja ukimtazama, ukijua.

Vuli iliyopita yeye mwenyewe ndiye aliyempa Outi kumbukumbu ya siku moja, kwa kubadilishana. Ilikuwa mwanzo wa Aprili ya mwaka ule, alisema, yeye na Irja wamekwenda kuvua kwenye matundu ya barafu. Jua lilikuwa linaumiza macho. Irja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunga skafu mbili, na akamuuliza jinsi mtu anavyojua kwamba barafu itambeba.

"Nikamweleza," alisema Osmo. "Nikamweleza rangi yake, mlio wake, unene wake pale kwenye mkondo na pale penye matete. Nilisema peke yangu nusu saa nzima, mimi nisiyesema. Na yeye alinisikiliza yote, Outi. Hakunikatiza hata mara moja."